Migongo ya Wanafunzi Wetu
Tangu tarehe 23 Septemba, 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar, mlango wa skuli uko wazi kwa watoto wa wakulima na wakwezi. Lakini mtoto anayeandika sakafuni, daftari mapajani, huinama saa nyingi. Misuli ya mgongo huchoka, na maumivu hufuata. Hata chuoni, marufaa huuinua msahafu kwa heshima yake, na msomaji naye akanyooka.

Tunawanasihi viongozi wahimize madawati yanayolingana na vimo vya wanafunzi. Walimu wawape watoto nafasi ya kunyanyuka. Na wazazi waipunguze mikoba, mwenye kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 3. Samaki mkunje angali mbichi, lakini migongo ya watoto wetu tusiikunje.