Kizuizi cha Simu za Ghali na Mahali Pake

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Tanga hata Mtwara, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, ipo simu moja isiyokuwa na mwenyewe mmoja: bibi huitumia kuwajulia hali wanawe, mama hupokelea fedha, na watoto huichezea kila wapatapo nafasi, na kwa kuwa hushikwa na mikono mingi, ndiyo ipotezayo salio kuliko nyingine zote, wala hapatikani wa kusema kwa yakini limekwenda wapi. Jamaa wa nyumba hizo hujitahidi kuilinda simu hiyo kwa namna mbalimbali, lakini aghalabu juhudi zao huharibika, si kwa uzembe, bali kwa sababu kizuizi kimewekwa mahali pasipokuwa pake. Na hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa taratibu.

Hasara kubwa kabisa hutokana na simu ziendazo nchi za nje. Kila nchi ina tarakimu zake za utangulizi, na zetu za upande huu wa Afrika zimekaribiana mno: Tanzania ni 255, Kenya 254, Uganda 256, Burundi 257, Somalia 252, na Komoro 269, kwa hiyo mzee asiyeona vizuri, au mtoto anayebonyeza ovyo, huweza kuvuka mpaka bila ya kujua. Kuna na hila iliyoenea duniani kote, ambayo mlaghai huifanya kwa kupiga simu ikalia mara moja tu kisha akaikata, akitegemea adabu yetu ya kumrudishia simu mtu aliyetutafuta. Pindi ukiipiga namba ile hupokelewa na muziki, au na mlio uliorekodiwa unaofanana na simu inayoendelea kuita, nawe hungoja ujibiwe ilhali salio linakatwa. Faida yake hupatikana hivi: kampuni yako, kwa kila dakika unayozungumza na nchi ya nje, hulazimika kuilipa kampuni inayoipokea simu hiyo kule iendako, na pale ambapo ada ya kupokea ni kubwa, kama ilivyo katika baadhi ya nchi ndogo na katika namba za satelaiti zianzazo na +881, mlaghai hukodi fungu la namba na kupatana na wakubwa wa njia hiyo wagawane mapato. Watu wa nchi hizo hawana hatia yoyote katika jambo hili, wala si haki kuwadhania mabaya.

Wako wasemao kwamba madhali simu ya nyumbani hutumia vocha za kulipia kabla, hasara haiwezi kuzidi vocha yenyewe. Dhana hiyo siikubali. Kampuni zetu huwakopesha wateja salio na kulikata pamoja na ada yake vocha ya pili inapoingizwa, na hata kifurushi cha dakika za ndani aghalabu hakihusiki na simu za nje, ambazo huchukua salio la kawaida moja kwa moja. Hivyo mama aliyeweka shilingi zake kwa ajili ya wiki nzima huzikosa jioni ile ile, na simu inayofuata ya kumwita daktari haitoki.

Sasa, kizuizi huweza kuwekwa mahali patatu: katika chombo chenyewe, katika kadi ya laini, au katika daftari la wateja la kampuni ya simu. Programu za kuzuia simu zinazopakuliwa na kutiwa katika chombo ndizo zipendwazo zaidi, nazo ndizo dhaifu kuliko zote, kwani mtoto mwenye akili huzifuta kwa dakika moja, au huitoa laini na kuitia katika simu nyingine, akaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu. Kizuizi kilichoandikwa katika daftari la kampuni ni kinyume chake: huifuata laini popote itiwapo, iwe simu ya kisasa au ile ndogo ya vitufe, kwa kuwa ni mtambo wa kampuni unaokataa kuiunganisha simu, wala si chombo kilichomo mkononi.

Huduma hiyo imo katika kanuni za mitandao ya GSM, iliyoanza kutumika kibiashara mwaka 1991, lakini watumiaji wengi hawajapata kuambiwa habari zake. Mtandao ukiwa unairuhusu, bonyeza *331* ukifuatisha namba ya siri ya huduma hiyo na alama ya #, kisha piga. Hapo simu zote ziendazo nje ya nchi hufungwa. Kuhakikisha, piga *#331#. Kufungua, piga #331* na namba ya siri na #. Iko na *33*, ambayo huzuia kila simu itokayo, na ujumbe wa maandishi pia huweza kukwama; kwa nyumba yenye mgonjwa au mzee sioni kuwa ni busara kuitumia, ingawa simu ya dharura kwenda 112 haizuiwi.

Namba ya siri ninayoitaja si ile ya kufungulia laini, wala si ya fedha. Kampuni nyingi huanza na 0000 au 1234, nayo yapaswa ibadilishwe siku ile ile, ama sivyo kizuizi ni jina tu: hupigwa **03*330* ikifuatiwa na namba ya zamani, kisha nyota, mpya, nyota, mpya tena, na # mwishoni. Namba hii iwe kwa mtu mmoja tu ambaye nyumba nzima inamtegemea kwa jambo hili, naye asiikisie akiisahau, maana ukikosea mara kwa mara huduma hufungwa na itakubidi uende kwa kampuni yenyewe.

Kadi ya laini nayo ina njia yake, ifaayo zaidi kwa simu ya mtoto au ya mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu. Huandikwa humo orodha ya namba zinazoruhusiwa, na kama ilivyo arusi yenye wasimamizi wakali mlangoni, asiyeandikwa hapiti. Orodha hiyo hulindwa kwa siri ya pili ya laini, ijulikanayo kama PIN2, ambayo ukiikosea mara tatu hufungika. Hadhari moja: namba na ziandikwe kwa namna ile ile zitakavyopigwa, na alama za kuingilia menyu ya fedha, mathalan *150*00#, nazo huweza kuzuiwa zisipoandikwa; wengi huiacha njia hii kwa sababu hawakulijua hilo mapema.

Vizuizi vyote hivi havigusi simu za WhatsApp, ambazo hupita katika intaneti na kula bando badala ya salio, wala kile cha 331 hakiondoi huduma za ujumbe za kulipia ambazo mtu amejiunga nazo. Hizo lazima zisimamishwe moja moja.

Ziko nyumba zisizoweza kufunga simu za nje moja kwa moja, kwa kuwa ndugu zao wako Muscat au Dubai. Hao ninawanasihi wafungue kizuizi wakati wa mazungumzo na kukirudisha baada yake, taabu ambayo ni ndogo kuliko hasara. Ama hujaji anayekwenda Makka na laini ya nyumbani, yeye asitumie 331, ambayo akiwa huko itamzuia hata kuipigia simu nchi yake. Atumie *332* kwa utaratibu ule ule, ambayo humruhusu kupiga simu ndani ya Saudi Arabia na kurudi nyumbani, na kumfungia nchi nyingine zote. Akisharejea hana haja ya kubadilisha kitu, kwani akiwa nchini kwake 332 hufanya kazi sawasawa na 331.