Wageni 40 kwenye tovuti, kumbe wengi ni mimi mwenyewe!

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawapa somo lililonilia advansi ya boti.

Niko Kizimkazi Dimbani, nauza safari za kuangalia pomboo kwa tovuti ndogo na WhatsApp. Wiki moja takwimu za tovuti zikaonesha wageni 40. Nikachangamka, nikamlipa nahodha advansi ya boti ya pili. Jumamosi ikafika, boti ya pili ikabaki pwani. Advansi haikurudi.

Kijana anayenisaidia tovuti akaniuliza: "Dada, wewe mwenyewe unaifungua mara ngapi?" Nikanyamaza. Kila nikibadilisha bei naifungua kwa simu yangu, kwa simu ya mume wangu, tena kwa hali fiche ili niione kama mteja anavyoiona.

Tatizo ndo hilo. Tovuti haikujui wewe, inaijua brauza yako. Mara ya kwanza inaacha humo kijifaili chenye namba, kinaitwa kuki. Ukirudi inasoma namba ile: huyu alishakuja. Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994, na kazi moja ya mwanzo ilikuwa kukumbuka kikapu cha mnunuzi. Yaani ni kitu cha sisi wauzaji tangu zamani!

Sasa angalia hesabu inavyopotoka:

👉 Mtu mmoja, simu na kompyuta: wageni wawili.
👉 Akifuta kuki au akija upya kwa hali fiche: mgeni mpya.
👉 Familia nzima, simu moja: mgeni mmoja.
👉 Anwani ya IP nayo haitoshi, maana mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Nahesabu waliobonyeza kitufe cha WhatsApp, si waliopita tu.
2. Kila tangazo lina kiungo chake, nijue lipi limeleta mteja.
3. Namuuliza mteja: "Umetuona wapi?"
4. Nimeandika wazi kwamba tovuti inatumia kuki. Wageni wetu wengi wanatoka Ulaya, wamezoea kuombwa ruhusa. Na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 1, 2023.
5. Boti ya pili? Mteja alipe kwanza.

Wewe je, wageni wako umeshajitoa mwenyewe kwenye hesabu? Tuambie hapo chini 👇