Mita ya Mafuta kwa Mashua za Matembezi: Kabla ya Bei, Itazamwe Mashine

Kutoka Shimoni mpaka Malindi, na kutoka Nungwi mpaka Kilindoni kisiwani Mafia, mwenye mashua ya kuwachukua wageni kuvua, kuzamia au kutazama papa potwe huzijua gharama zake karibu zote kabla ya mwezi kuanza: mishahara ya nahodha na mabaharia anaijua, ada za leseni anazijua, na gharama za kukipandisha chombo ufukweni kwa rangi na matengenezo huzikadiria bila ya kukosea sana, lakini mafuta, ambayo aghalabu ndiyo matumizi makubwa kuliko yote pindi chombo kiwapo baharini, huyajua baada ya kwisha kuteketea, anapokabidhiwa risiti za kituo. Bei yenyewe haimo mikononi mwake, kwani Kenya hutangazwa na mamlaka ya EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na Tanzania Bara hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi; linalobaki katika uwezo wake ni kiasi anachokichoma, na kiasi hicho hawezi kukitawala mtu asiyekipima.

Geji ya tangi haimfai katika kazi hiyo. Boya lake hupanda na kushuka pamoja na mawimbi, na tangi lenyewe mara nyingi limetengenezwa kufuata umbo la chombo, juu pana na chini jembamba, hata sindano inapoonyesha nusu, mafuta yaliyosalia huwa pungufu ya nusu. Kijiti cha kutumbukiza tangini husema kweli zaidi, walakini hufaa chombo kinapokuwa gatini kimetulia. Katika mkondo wa Pemba, pepo za kusi zikivuma kwa nguvu, hakuna nahodha mwenye akili timamu atakayefungua tangi la petroli ili achovye kijiti. Ndiyo maana biashara ya mita za mafuta imepata wateja: chombo kidogo, kinachotosha kiganjani, hufungwa katika mpira wa mafuta baina ya tangi na mashine, kikahesabu mafuta yanayopita na kuipeleka hesabu hiyo kwenye kioo mbele ya usukani, ambako nahodha husoma lita kwa saa, na akiunganisha na kipimo cha mwendo cha setilaiti, husoma lita kwa kila maili ya bahari.

Wauzaji wa mita hizi ni wengi na tafauti ya bei ni kubwa, na kwa hiyo wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei, au jina la kampuni, ilhali swali la kwanza lilipasa kuwa juu ya mashine waliyo nayo. Mita iliyo bora kwa petroli yaweza kuwa hasara tupu kwa dizeli, na iko mashine isiyohitaji kununuliwa mita yoyote.

Tuanze na hiyo isiyohitaji, kwa kuwa maneno yake ni machache. Mashine za nje za mipigo minne za miaka ya karibuni, ziwe za Yamaha, Suzuki, Honda au Mercury, huendeshwa na kompyuta inayofungua na kufunga vinyunyizio vya mafuta kwa muda inaoujua barabara, na kutokana na muda huo hukokotoa matumizi. Kadhalika dizeli mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta. Hesabu hiyo hupatikana kwa waya na kiunganishi tu, kwa kawaida katika mfumo wa NMEA 2000 ambao vyombo vingi vya baharini vya siku hizi huuelewa, kiwe kioo cha Garmin au cha kampuni nyingine. Mwenye mashine ya namna hii akikata mpira wa mafuta ili apachike mita ya pembeni atakuwa amenunua mara ya pili alichokwisha kuuziwa, na fauka ya hayo ameongeza viungo viwili vinavyoweza kuvuja. La kukumbuka ni kuwa kompyuta hukadiria, haipimi. Vinyunyizio vikiziba au vikilika, makadirio nayo huenda kombo.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi katika pwani yetu: mashine ya petroli yenye kaburata, na khasa zile Enduro za Yamaha za mipigo miwili ambazo fundi yeyote wa ufukweni anaweza kuzifungua na kuzifunga. Hapa mita ya kigurudumu chenye mapanga, ambayo ndiyo ya bei nafuu, hufanya kazi yake kwa heshima. Mafuta yakipita hukizungusha kigurudumu, kila mzunguko ukatoa mapigo ya umeme, na mapigo yakahesabiwa kuwa lita. Sababu ya kufaa kwake ni moja: kilichoingia katika mashine hakirudi tangini. Hata petroli ile inayotoka na moshi bila ya kuungua, ambayo ni aibu ya zamani ya mashine za mipigo miwili, imekwisha kupita katika mita na imekwisha kuhesabiwa, na mwenye chombo ataiona bayana siku atakapoilinganisha na mashine ya mipigo minne yenye nguvu zile zile.

Kabla ya kununua ni vyema mtu akadirie kiasi atakachokipima. Kanuni ya mafundi, ambayo imestahimili miaka mingi, ni kwamba mashine ya petroli ya mipigo minne ikifunguliwa mwisho hula ratili nusu ya mafuta kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi, na dizeli hula sehemu nne za kumi za ratili. Kwa hesabu hiyo mashine ya petroli ya nguvu 100 hutumia lita 30 hivi kwa saa, na dizeli ya nguvu hizo hizo lita 21 au 22. Mita ichaguliwe iweze kupitisha kiasi hicho bila ya kuikaba mashine.

Walakini kiasi cha juu si taabu kubwa. Taabu iko chini. Wavuvi wa mchezo wanaotafuta sulisuli na nduwaro katika msimu wa kaskazi hawaendi mbio mchana kutwa: hukimbia mpaka kilindini, kisha huburura chambo saa nyingi kwa mwendo wa maili sita mpaka tisa za bahari kwa saa, na katika saa hizo mashine haili ila lita chache. Kila mita ya kigurudumu ina mpaka wake wa chini, ambao mafuta yakipita kwa uchache kuliko huo, kigurudumu hakizunguki sawasawa au husimama kabisa, na kioo kikaandika sufuri ilhali mafuta yanateketea. Mpaka huo umeandikwa katika karatasi ya mita. Muuzaji huusifu mpaka wa juu, naye mnunuzi wa pwani yetu aulizie ule wa chini, kwa sababu ndipo chombo chake kitakapokaa muda mwingi wa siku.

Sasa dizeli za zamani, zisizo na kompyuta, ambazo ndizo zinazosukuma mashua nyingi kubwa za uvuvi wa mchezo, na ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Pampu ya dizeli huvuta mafuta mengi kupita haja ya mashine, ikachoma sehemu, na yaliyobaki yakarudi tangini kwa mpira mwingine yakiwa yamepata moto. Mita moja katika mpira wa kwendea haitasema lolote la maana; sharti ziwe mbili, moja ya kwendea na moja ya kurudia, na matumizi yawe tafauti baina yao. Na mashua yenye dizeli mbili yataka mita nne.

Tafauti hiyo ndiyo mtego. Natuchukue dizeli inayovuta lita 200 kwa saa na kurudisha 170, ikichoma 30. Mita ya kwendea ikikosea kwa sehemu moja tu katika mia, itasoma 202; na ya kurudia ikikosea kwa kiasi hicho hicho upande wa pili, itasoma 168 na nukta tatu. Kioo kitaandika lita 33 na nukta saba, yaani kosa la zaidi ya asilimia 12 lililozaliwa na makosa mawili ya asilimia moja. Liongezwe na joto: dizeli hupanuka kwa takriban asilimia moja katika kila nyuzi 12 za sentigredi, na ikiwa mafuta yanayorudi yamezidi yale ya kwendea kwa nyuzi 25, lita zile 170 zitaonekana kama 173 na zaidi, na lita tatu na ushei zitakuwa zimepotea katika hesabu kabla mita yenyewe haijakosea chochote. Licha ya hayo, pampu ya pistoni husukuma mafuta kwa mapigo, na kigurudumu chepesi huenda mbele na kurudi nyuma, kikahesabu tone moja mara mbili.

Kwa dizeli ya namna hii, basi, ninashauri bila ya kusitasita mita za gia mbili zenye umbo la yai, ambazo hupokea mafuta kwa kiasi kamili baina ya meno na ukuta na kuyapitisha, ziuzwe kwa jozi iliyolinganishwa kiwandani, ziwe na kipimajoto ndani yake, na ziwe na kizuizi cha mapigo pale kiwanda kinapokitaka. Ni ghali. Nazo zina hatari yake: kigurudumu kikikwama, mafuta huendelea kupita pembeni yake, lakini gia zikikwama kwa taka, mafuta husimama na mashine huzima, kwa hiyo mita ya kwendea haina budi itanguliwe na chujio safi linalotenga maji, na iwe na njia ya kupitia pembeni ambayo baharia anaweza kuifungua kwa mkono. Katika fukwe ambako mafuta huletwa kwa madumu ya lita 20 na kumiminwa kwa faneli, chujio si nyongeza ya hiari.

Ufungaji wenyewe ni kazi ya nusu siku kwa fundi ajuaye, na jambo moja tu ndilo nitakalolikazia. Mpira wa mafuta ndani ya chumba cha mashine uwe ule wa kustahimili moto uliopigwa chapa ya ISO 7840, wala usiwe mpira wa maji wala wa gari kuukuu, na kila kiungo kikaguliwe mashine ikiwa baridi na tena ikiwa moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani ukakaa humo, na cheche moja huwa msiba wa watu wazima na watoto.

Mita ikishafungwa bado haijawa kipimo. Yatiwe mafuta mpaka shingo ya tangi, chombo kikiwa kimelala sawa majini, katika kituo ambacho pampu yake imekaguliwa; Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, na chapa ya ukaguzi huonekana juu ya pampu. Mita ianzishwe kutoka sufuri, chombo kitembee mpaka zaidi ya nusu ya tangi iishe, kisha kirudi pampu ile ile na kujazwa mpaka shingo ile ile. Pampu ikitoa lita 100 na mita ikiwa imeandika 92, hesabu yote ya mita izidishwe kwa 1.087, na vioo vingi vina mahali pa kuiingiza nambari hiyo. Zoezi lirudiwe tena, na kila baada ya matengenezo ya mpira au chujio. Wako wenye mashua waliolipa fedha nyingi kwa mita na wasilifanye zoezi hili hata mara moja, na hao wanasafiri kwa nambari ambayo haina tafauti na kubahatisha.

Faida yake huonekana katika kuchagua mwendo. Mashua nzito inayokata maji bila ya kupanda juu yake, ikipunguza mwendo kutoka maili nane mpaka saba kwa saa, hupunguza nguvu inayotakiwa kwa kadiri ya theluthi moja. Safari ya maili 24 iliyokuwa ikila lita 90 itakula 69 hivi, na wageni watachelewa dakika 26. Kwa boti nyepesi za kupanda maji kanuni ni nyingine: pale ambapo omo imeinuka na tezi imezama, boti hula mafuta mengi mno kwa kila maili, na kuongeza mwendo kidogo mpaka ilale sawa juu ya maji huleta nafuu. Mita ndiyo inayoionyesha nukta hiyo, ambayo hubadilika kwa uzito wa abiria. Lakini mwendo upimwe kwenda na kurudi, kwa kuwa mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na nguvu sana. Anayepima akielekea Malindi peke yake atajisifia akiba iliyoletwa na bahari.

Liko na jambo la amana. Baina ya mwenye chombo anayekaa mjini na nahodha wake, mafuta ni chimbuko la tuhuma nyingi, na nahodha mwaminifu hana shahidi ila neno lake. Daftari lenye hesabu ya mita ya kila safari, likiwekwa kando ya risiti, humlinda yeye kabla ya kumlinda tajiri. Ila ijulikane kuwa mita haioni mafuta yaliyotoka tangini bila ya kuipitia.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mwenye mashine mpya ya kompyuta anunue waya. Mwenye petroli ya kaburata anunue mita ya kigurudumu iliyo na mpaka wa chini unaoendana na mwendo wake wa kuvulia. Mwenye dizeli ya zamani anunue jozi kamili ya gia zenye kipimajoto, na kama fedha hazitoshi, asinunue mita ya rahisi ili apate kitu cha kutazama; fedha hizo azitie kwanza katika kukipandisha chombo na kukwangua chaza na magugu kwenye mkuku na rafadha, maana hapo akiba itapatikana safari ya kwanza, hata bila ya kioo cha kuionyesha.