Kitabu Kwenye Karatasi ya Kura (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1977, pale vyama tisa vya Pakistani vilipoungana chini ya Mufti Mahmud kumkabili Waziri Mkuu Zulfikar Ali Bhutto, kisha Jenerali Zia-ul-Haq akaja kuvuna asichopanda. Miaka 25 baadaye, mtoto wa Mufti huyo, Maulana Fazlur Rehman, naye aliingia kwenye muungano.

Vyama sita vilivyounda Muttahida Majlis-e-Amal (MMA) havikuwa ndugu hata kidogo. Walikuwemo Wadeobandi wa makundi mawili, Wabarelwi wa Shah Ahmad Noorani, Jamaat-e-Islami ya Qazi Hussain Ahmad, Ahl-e-Hadith, na hata Mashia. Msomaji wa Lamu au Unguja aliyewahi kusikia watu wakibishania maulidi, huyu akisema ni kheri na yule akisema ni bidaa, anaweza kukisia vikao vyao vilikuwaje. Wapo Wadeobandi na Wabarelwi wasiokubali kuswali nyuma ya imamu wa upande wa pili.

Fikihi basi haikuwakutanisha. Oktoba 2001 Marekani ilianza kuishambulia Afghanistan kwa mabomu, na hasira ikavuka mpaka hadi kwa Wapashtuni wa Pakistani. Jenerali Pervez Musharraf, mtawala wa wakati huo, naye, pengine bila kukusudia, aliwasafishia njia: mawaziri wakuu wa zamani Benazir Bhutto na Nawaz Sharif walikuwa nje ya nchi, na sharti lake kwamba kila mgombea awe na shahada halikuwagusa masheikh, kwa kuwa vyeti vya madrasa vilikubaliwa.

Halafu kulikuwa na alama yao: kitabu. Pale ambapo wapiga kura wengi hawajui kusoma, alama ndiyo chama chenyewe. Wapiga debe walipita wakisema kitabu hicho ni Kurani. Nani tena angethubutu kuichagua taa ya kandili ya Awami National Party?

Oktoba 2002 MMA ilipata takribani asilimia 11 ya kura, viti karibu 60 kati ya 342 bungeni, na serikali ya jimbo huko Peshawar chini ya Akram Khan Durrani. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Muziki ulipigwa marufuku kwenye mabasi, lakini muswada wa Hasba, wa kusimamia maadili ya Kiislamu, uliopitishwa Julai 2005 ulikwama Mahakama ya Juu. Desemba 2003 wabunge wa MMA walikuwa wamempitishia Musharraf marekebisho ya 17 ya katiba, kwa ahadi kwamba angeacha ukuu wa jeshi ifikapo mwisho wa 2004. Hakuuacha hadi Novemba 2007. Wapinzani wakawacheka: huu ni muungano wa mamullah na jeshi.

Uchaguzi wa 2008 ulipokaribia, Qazi alitaka kuususia, Fazlur Rehman akataka kushiriki. Kila mmoja akashika njia yake, na Peshawar ikaenda kwa wenye kandili. MMA ilifufuliwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2018. Fazlur Rehman akashindwa kwao, Dera Ismail Khan.