Tiana: Kazi na Mapenzi Chungu Kimoja

Mjadala ulipozuka chamani ati msichana achague moja, masomo ama mchumba, kelele zilipaa hadi kengele ikalia. Mvulana mmoja alituchapa na methali: "Chelewa chelewa utapata mwana si wako!" Mimi nilimkumbuka Tiana.

Tiana ni shujaa wa filamu ya katuni, The Princess and the Frog, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka wa 2009. Ndiye binti mfalme wa kwanza mweusi katika filamu za kampuni hiyo. Asili ya hadithi ni ngano ya Kijerumani iliyochapishwa na ndugu wawili, akina Grimm, mwaka wa 1812. Katika ngano hiyo, binti mfalme anambamiza chura ukutani, pu! Chura anageuka mwanamfalme, na binti anaolewa. Hana kazi, hana ndoto. Basi.

Tiana si hivyo. Yeye ni mhudumu wa hoteli mjini New Orleans, Marekani, miaka ya 1920. Anafanya kazi mbili, mchana na usiku, na senti zake anazificha makoponi. Anataka kununua kiwanda kikuukuu cha sukari akigeuze hoteli, kama alivyoota marehemu babake. Nikimtazama, nawaona akina mama wa hapa Vitengeni wanaoamka kabla jogoo hajawika ili karo ipatikane.

Naveen, mwanamfalme, alilelewa kwa kudekezwa; hata kukata uyoga hajui. Wakiwa vyura huko kinamasini, Tiana anamfundisha kazi hiyo, na hapo ndipo mapenzi yanapoanza kuchipuka. Baadaye mchawi Facilier anamwahidi hoteli papo hapo, mradi amrudishie hirizi. Tiana anaivunja! Ametambua kwamba babake hakuipata hoteli, ila alikuwa na watu waliompenda, naye hakuwasahau kwa sababu ya kazi. Mwishowe Tiana anaolewa na hoteli inafunguliwa, tena Naveen mwenyewe akisaidia.

Mtasema, si hiyo ni ngano tu? Kweli. Isitoshe, Tiana ni mtu mzima. Wengi wetu hatujafika miaka 18, umri wa kuoa ama kuolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka wa 2014. Lakini kipimo tumekipata. Anayekuambia uache shule ndipo aamini wampenda, huyo hajakata uyoga hata mmoja. Anayekupenda kikweli atakungoja umalize kidato cha nne, naye amalize chake.

Nanyi wavulana, msicheke. Hebu jiulizeni: ndoto ya dada huyo mwaijua, ama mwajua jina lake tu?

Kwa yule wa "chelewa chelewa", jibu langu ni hili: subira huvuta heri.