Mama Mzazi wa Snow White (Sehemu ya Tatu)

Filamu ya pili ya Wicked, iliyotoka Novemba 2025, imewarudisha vijana kwenye swali lao: yule mchawi wa kijani alizaliwa mwovu au alisingiziwa? Riwaya ya Gregory Maguire ya 1995, chimbuko la filamu hiyo, iliandikiwa watu wazima, lakini vijana ndio walioing'ang'ania. Wana haki. Ngano hizi zimekuwa zikigeuzwa tangu zamani.

Mmoja wa waliozigeuza ni Wilhelm, wa Ndugu Grimm waliokusanya ngano za Ujerumani. Katika toleo la kwanza la ngano zao, la 1812, malkia anayemwonea wivu Snow White ni mama yake mzazi. Ndiye aliyemtamani mtoto mweupe kama theluji, na ndiye anayemtuma mwindaji amuue akiwa na miaka saba. Analetewa mapafu na ini, anavichemsha kwa chumvi na kuvila, kumbe ni vya nguruwe mwitu.

Toleo la 1819 likaja na habari nyingine. Mzazi anafariki, mfalme anaoa tena baada ya mwaka, na uovu wote anatwishwa bibi mpya. Mama wa Hansel na Gretel naye akafanywa wa kambo katika toleo la 1840. Heshima ya uzazi ikasalimika. Wanawake wanaolea watoto wasiowazaa wakabaki na lawama, na wanayo hadi leo.

Ndiyo maana riwaya ya Fairest of All ya Serena Valentino (2009) inastahili sifa. Malkia wake anampenda mtoto wa mumewe, lakini yeye mwenyewe alilelewa kwa matusi na baba yake, fundi wa vioo, na sauti ya kiooni ni ya baba huyo. Kijana anayesoma hayo haambiwi kwamba sumu ni halali. Anaonyeshwa ilikoanzia, na hapo anajifunza kuuliza kabla ya kuhukumu.

Waswahili nao wana kazi kama hiyo ya kufanya. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi za Unguja, ikiwemo ya Sultani Darai. Maskini Hamdani, mchakura jaani, ananunua paa kwa thumni. Paa anampatia mke, jumba na mali. Anapougua, Hamdani anaamuru apewe uji wa mtama tu. Anapokufa, anatupwa kisimani. Hamdani anaamka yuko jaani tena.

Nini kilimgeuza mtu yule? Waandishi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wawaandikie vijana riwaya ya kujibu hilo, na shule ziinunue.