Manjanja inavuja: mara mingi kosa ni ku musumari

Mvua ikirudi, wakaaji wengi wa Goma wanapanda wenyewe ku paa na nyundo, sababu fundi naye anaomba pesa. Si vibaya. Lakini kosa moja haliishe: musumari unapigwa ndani ya bonde la manjanja, kwani hapo inagusa mbao na musumari unaingia vizuri. Ni palepale maji yote yanapitia. Musumari unapigwa juu ya mgongo, na kaochu chini ya kichwa chake. Kaochu ikishakaza, nyundo isimame. Mgongo ukibonyea, maji yanakaa.

Kazi inaanzia chini, halafu kupanda. Manjanja ya juu inalalia ya chini karibu sentimita 15 ao 20. Wenye kuanzia juu wanashangaa mvua iko inaingia na hakuna hata tundu moja.

Tena moshi ya Nyiragongo inaleta mvua yenye asidi, na kutu inakula manjanja mbio. Kurudisha ya zamani na tundu zake, hata zikizibwa, ni kazi ya kurudilia. Na anayetembea juu akanyage penye misumari, ndipo mbao iko chini.